Bwawa likipasuka juu ya kinu cha nyuklia: ni njia gani ya kupima hatari uichague?

Tangu maneno ya kinu cha nyuklia pale Uyombo yaanze huku Kilifi, mtu akitaja mafuriko anataja tsunami. Sawa, bahari iko pale na kila mtu anaiona. Lakini kuna swali jingine limewasumbua wahandisi wa vinu miaka na miaka na huku kwetu halisemwi kabisa: bwawa lililoko juu ya mto likipasuka, maji yatafika kwenye kinu kwa kina gani, baada ya muda gani, na yatakaa siku ngapi? Na sasa serikali imegeuza uso inaangalia Siaya, kando ya ziwa Victoria, mito iko na mipango ya mabwawa iko, kwa hivyo swali halijafa, limepanda basi la usiku tu.

Kwanza haraka haraka kwa asiyeelewa maji yanaingiliana vipi na nyuklia. Riakta, ule mtambo wa ndani ya kinu unaotoa joto, ukiizima haipoi hapo hapo. Dakika ile ya kuzimwa bado inatoa joto kama asilimia 6 au 7 ya nguvu yake ya joto (ambayo ni kama mara tatu ya umeme wake), na kwa kinu cha megawati 1,000 za umeme (ndo saizi iliyokuwa ikitajwa Kenya) hapo unaongelea joto la megawati kama 200, linashuka haraka lakini halikatiki, na lazima maji ya kupoza yazunguke siku nyingi. Kuzungusha maji kwataka umeme. Fukushima tarehe 11 Machi 2011 riakta zilizokuwa zikifanya kazi zilijizima vizuri tu, kilichoangamiza ni maji kuingia kwenye majenereta na kwenye maswichi ya umeme huko chini. Kwa hivyo ukisikia mafuriko kwenye habari hizi usifikirie jengo kulowa, fikiria stima kupotea mahali ambapo haifai kupotea hata kidogo.

Sasa njia za kupima. Ziko nyingi lakini ukizichuja zinabaki tatu: ile ya ukali, ile ya modeli na ile ya uwezekano. Nitoe jibu langu mapema kwa wasio na taimu: anza na ya ukali kila mara, ingia kwenye modeli pale tu ya ukali ikikushinda, na ya uwezekano itumie kupanga kazi gani ianze, usiitumie kufunga mdomo wa mtu. Sababu ziko hapa chini.

Ya ukali: chukulia yote yamepasuka

Hii haina adabu. Unaorodhesha kila bwawa lililo juu ya kinu, unachukulia yote yamejaa pomoni na yamepasuka, unajumlisha maji, unayaleta mpaka mlangoni mwa kinu bila kuyapunguza njiani, halafu unaangalia yanafika kimo gani. Kama hata hapo kinu kimebaki kikavu, basi, funga faili nenda ukale. Kama kimelowa haimaanishi kinu ni kibaya, inamaanisha unapanda ngazi inayofuata. Mamlaka ya nyuklia ya Marekani, NRC, baada ya Fukushima ililazimisha vinu vyake vipimwe upya, na mwongozo wao wa 2013 wa mabwawa umepangwa hivyo hivyo: kwanza ujazo wa maji, halafu mkondo wa kilele (maji mengi zaidi yanayopita kwa sekunde) bila kupunguza, halafu mkondo uliopunguzwa na umbali, halafu ndo modeli kamili.

Uzuri wake ni kwamba mtu yeyote anaweza kuikagua kwa kikokotoo cha simu. Tuseme bwawa la mita za ujazo milioni 100. Ukiyatandaza kwenye bonde la kilomita za mraba 50 unapata mita 2. Hapo hapo fungua macho, kwa sababu ukiyatandaza kwenye kilomita 20 unapata mita 5, maji ni yale yale. Mwenye ripoti akichagua bonde pana amejipunguzia mafuriko kwa kalamu tu, na ataandika "tumetumia njia ya tahadhari" na wewe utaitikia. Kwa hivyo swali la kwanza kuuliza kwenye njia hii ni eneo walilotandazia maji walilipata wapi, na je walianza na bonde kavu ama bonde ambalo tayari lina mafuriko ya mvua, maana mabwawa mengi hupasuka wakati wa mvua hiyo hiyo.

Ngazi ya pili ni fomula za mkondo wa kilele. Hapa iko moja maarufu ya Froehlich ya 1995, imetengenezwa kutokana na mabwawa ya udongo yaliyopasuka kweli, inataka vitu viwili tu, ujazo wa maji na kina chake pale yalipobomokea. Bwawa letu lile la milioni 100 likiwa na kina cha mita 60, Froehlich inakupa kama mita za ujazo 22,000 kwa sekunde. Ukichukua fomula ya zamani ya shirika la mabwawa la Marekani, ile ya 1982 inayoangalia kina peke yake, unapata kama 37,000. Bwawa moja, siku moja, fomula mbili halali, na jibu limeruka kwa zaidi ya nusu.

Na usidhani ile kubwa ndo salama daima. Bwawa la Teton kule Idaho lilipasuka tarehe 5 Juni 1976 likiwa linajazwa mara ya kwanza, kilele chake kilipimwa kama 65,000 kwa sekunde. Weka namba za Teton kwenye Froehlich, unapata kama 43,000. Weka kwenye ile nyingine, kama 60,000. Zote mbili ziko chini ya kilichotokea! Ndo maana mimi nikiona ripoti imetumia fomula moja peke yake, bila kueleza kwa nini hiyo na si nyingine, naiweka pembeni kwanza.

Ubaya wa njia ya ukali ni huu: haikwambii saa. Inakwambia mita, haikwambii kama una dakika 40 ama siku 2 za kuhamisha majenereta na kufunga milango. Na ubaya wa pili ni wa pesa, inaweza kumlazimisha mtu ajenge ukuta wa mita 8 kwa ajili ya maji ambayo kihalisia yangefika mita 1.

Ya modeli: pasua bwawa ndani ya kompyuta

Hapa ndo wahandisi wa sivil macho huwaka. Programu kama HEC-RAS ya jeshi la wahandisi la Marekani ni ya bure, unaishusha leo, unaingiza ramani ya ardhi, unaingiza ukuta wa bwawa, unaliambia lipasuke upana kiasi hiki ndani ya dakika kiasi hiki, na unatazama maji ya buluu yakiteremka bondeni. Yanapendeza sana kwenye prezentesheni. Na hapo ndo hatari yake, picha ikipendeza watu hawaulizi tena.

Vitu viwili vinaamua kila kitu kwenye modeli, navyo ni ardhi na tundu.

Ardhi: ramani za bure za setilaiti zina pikseli za mita 30 na kimo chake kinaweza kukosea mita kadhaa. Ukiwa milimani si neno. Ukiwa kwenye tambarare kama hizi zetu za pwani, ambapo swali lenyewe ni la mita 1 au 2, hio ramani haifai kwa uamuzi wa kinu, ni ya mazoezi. Kazi ya kinu yataka upimaji wa leza kutoka kwa ndege, pamoja na kupima chini ya mto penyewe kwa sababu setilaiti inaona uso wa maji tu.

Tundu: ni lile pengo linalobomoka kwenye ukuta wa bwawa, upana wake na muda wake wa kufunguka. Kwa bwawa letu la mfano, fomula nyingine ya Froehlich, ya 2008, inasema litafunguka ndani ya kama dakika 56. Lakini hayo ni makadirio yenye utata mkubwa, dakika 30 yawezekana, saa 2 yawezekana. Mtu mwenye nia ya kushusha namba anaongeza muda kidogo, kilele kinashuka, hakuna aliyedanganya.

Lakini sikiza, kuna siri hapa inayosaidia sana kuchagua. Ukimwaga ndoo ya maji mlangoni, anayesimama pale pale anapigwa miguuni, na kwake ni muhimu sana umeimwaga kwa ghafla ama polepole, ila aliyeko mwisho wa ukumbi anapata unyevu tu na kwake kilicho muhimu ni ndoo ilikuwa kubwa kiasi gani. Kinu kilicho kilomita 15 chini ya bwawa, tundu ndo kila kitu, pigania dakika zake. Kinu kilicho kilomita 300, acha kubishana kuhusu dakika za tundu, wimbi litakuwa limeshalainika, bishana kuhusu ujazo wa maji na kuhusu mabwawa mengine yaliyoko katikati.

Hayo ya katikati ndo hunitisha zaidi. Mwaka 1975 mwezi wa nane kule China kimbunga kilimwaga mvua, bwawa la Banqiao likapasuka na jumla ya mabwawa 62 yakaenda. Michigan Mei 2020, Edenville lilipasuka na maji yake yakapita juu ya Sanford lililokuwa chini. Hapa kwetu angalia mto Tana: Masinga lililokamilika 1981, kubwa kuliko yote, linabeba kama mita za ujazo bilioni 1.5, na chini yake kwenye mto ule ule wamejipanga Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Hakuna kinu cha nyuklia kwenye Tana, Mungu atuepushe na fikra hio, lakini kama wewe ni mwanafunzi unatafuta projekti ya modeli, hapo pana kazi ya maana kuliko kupasua bwawa moja peke yake lisilo na jirani.

Ya uwezekano: hesabu ya mara ngapi

Njia hii haiulizi maji yatafika wapi peke yake, inauliza ni mara ngapi kwa mwaka jambo hilo linatarajiwa. Kihistoria mabwawa makubwa duniani yamepasuka kwa kiwango cha kama mara 1 kwa kila mabwawa 10,000 kwa mwaka. Inasikika ndogo mpaka uizidishe: mabwawa 5 kwa miaka 60 ya uhai wa kinu unafika asilimia 3. Na hapo umechukulia kila bwawa linaanguka kivyake, wakati tumeona hapo juu kwamba huvutana.

Kisa cha kukisoma hapa ni Oconee, South Carolina. Riakta tatu, na juu yake, umbali usiozidi kilomita 20, bwawa la Jocassee, ukuta wa udongo na mawe wa zaidi ya mita 110. Jengo la dharura la kinu lilikuwa na ukuta wa mafuriko wa futi 5, kama mita moja na nusu. Utafiti wa 1983 wa Duke, kampuni yenyewe yenye kinu, ulikuwa umeonyesha maji ya Jocassee yangeweza kusimama pale futi 12.5 mpaka 16.8, yaani kuanzia karibu mita 4 mpaka mita 5. Sasa ilikuwaje ukuta ukabaki wa futi 5? Kwa sababu hesabu za zamani zilisema Jocassee kupasuka ni jambo la nadra mno. Wataalamu wa NRC walipoipiga upya wakapata kama mara 2 katika miaka 10,000, zaidi ya mara kumi ya ile ya zamani. Kwa miaka 60 hio ni zaidi ya asilimia 1. Udongo wa bwawa haukubadilika, wala maji hayakuongezeka, kilichobadilika ni orodha ya mabwawa uliyolinganisha nayo. Mwaka 2012 wahandisi wa ndani ya NRC wakalalamika hadharani kwamba habari hizi zinafichwa kwa kisingizio cha usalama.

Ndo maana siipi njia hii kiti cha mbele. Mwongozo ule wa 2013 unataka uonyeshe kuwa bwawa litapasuka chini ya mara 1 katika miaka milioni ndo uliondoe kwenye orodha. Jiulize nani ana rekodi ya kuthibitisha hivyo kwa bwawa moja la udongo lililojengwa juzi. Hana. Ila siitupi pia. Ukiwa na mabwawa 40 juu ya mto na pesa za kukagua 6, uwezekano ndo utakwambia 6 gani. Na ikitumiwa vizuri inashika kitu ambacho zile mbili hukisahau, sababu moja kuua vitu viwili: tetemeko lile lile la 11 Machi 2011 lilipasua bwawa la Fujinuma, ndani ya mkoa ule ule wa Fukushima, na watu wakafa. Halikuwa juu ya kinu, bahati. Lakini mtu aliyepiga hesabu ya bwawa kivyake na tetemeko kivyake angekwambia mambo hayo mawili siku moja hayawezekani.

Mambo ambayo zote tatu hupitia kando

Fort Calhoun, Nebraska, 2011. Hakuna bwawa lililopasuka. Mto Missouri ulijaa, mabwawa ya juu yakalazimika kufungulia maji, lile la mwisho la Gavins Point likitoa kama mita za ujazo 4,500 kwa sekunde, na kinu kikawa kisiwa kwa wiki nyingi. Walizungushia boma la mpira lililojazwa maji, tarehe 26 Juni mashine ikalitoboa. Modeli ya kupasuka ingekupa wimbi la masaa, hapa mafuriko yalikaa na yalikuwa halali kabisa, ni mageti yamefunguliwa. Wenzetu wa Garissa na Tana River hawahitaji kuelezwa hili, Aprili na Mei 2024 walilijua vizuri.

Halafu kuna kinyume chake. Kakhovka, Ukraine, tarehe 6 Juni 2023. Bwawa liliharibiwa, lakini kinu cha Zaporizhzhia kiko juu yake, kwa hivyo maji hayakuja, maji yaliondoka. Kinu kilikuwa kikitegemea ziwa la bwawa hilo kupoza, kikabaki na bwawa lake dogo la pembeni na visima vilivyochimbwa baadaye. Ripoti ikikuorodheshea mabwawa ya juu peke yake, iulize na ya chini.

Takataka pia. Mai Mahiu Aprili 2024 watu walidhani bwawa limepasuka, kumbe ni maji yaliyozibwa na takataka kwenye kalavati chini ya reli na kuachia kwa mpigo usiku. Tuta la reli likawa bwawa ambalo halikuwa kwenye orodha ya mtu yeyote.

Basi uchague ipi

Kama wewe ni mkaazi, una ripoti ya athari za mazingira mkononi na kuna kikao cha kutoa maoni wiki ijayo, shika ya ukali. Huhitaji programu, unahitaji orodha ya mabwawa na ujazo wake, na ujasiri wa kuuliza eneo walilotandazia maji. Wakikujibu kwa uwezekano kabla hawajakuonyesha ya ukali, wamekurusha ngazi.

Kama wewe ni mwanafunzi pale chuoni Tudor ama kwingineko, nenda modeli, lakini piga tundu kwa fomula zaidi ya moja na uonyeshe majibu yote, hata yanayokuharibia grafu. Na kama wewe ni mtu wa mamlaka, unatakiwa uwe na zote tatu na uziweke kwa mpangilio huo huo. Hata shirika la nishati ya atomiki la kimataifa, IAEA, kwenye mwongozo wake wa 2011 wa hatari za hali ya hewa na maji linataka kupasuka kwa mabwawa ya juu kuangaliwe tangu wakati wa kuchagua eneo, kabla ya kumwaga saruji.

Tuijaribu basi kwa maeneo yetu mawili. Uyombo: bwawa kubwa la kuangalia ni Thwake kule Makueni, limepangwa kubeba kama mita za ujazo milioni 688, na maji yake yanaingia Athi, yanakuwa Galana, yanakuwa Sabaki, yanatokea baharini kaskazini mwa Malindi. Uyombo iko kusini. Kwa hivyo njia ya ukali inaweza kumaliza kazi mapema tu, maji hayana njia ya kufika mpaka kwenye kinu kwa kina. Lakini Baricho, visima ambavyo vinapeleka maji Malindi, Kilifi na mpaka huku Mombasa, viko kando ya Sabaki hio hio. Kinu kingebaki kikavu huku mifereji ya miji imekauka na nguzo za umeme za kuvuka mto zimelala, na kinu kilichokatwa kwenye gridi kinaishi kwa dizeli. Hilo lingetakiwa liwe kwenye ripoti.

Siaya ni habari nyingine. Ziwa Victoria halina bwawa juu yake la kulijaza ghafla, ni kubwa mno kwa hilo, na lile la Jinja liko mdomoni ambapo maji yanatoka. Pale mimi ningeacha kupoteza usiku kwenye tundu na dakika, ningeanza na kimo cha ziwa lenyewe, maana 2020 lilipanda likahamisha watu wa ufukweni, halafu ningeshuka kwenye Nzoia na Yala: nini kipo, nini kimepangwa kujengwa ndani ya miaka 60 ijayo, na mabwawa madogo ya mashamba yako mangapi huko juu. Haya madogo msiyadharau. Lile la Solai, Nakuru, lilikuwa la shamba la mtu binafsi, na usiku wa tarehe 9 Mei 2018 liliua zaidi ya watu 40. Moja moja hayafiki kwenye kinu, ila mwongozo wa NRC unaruhusu uyakusanye uyafanye kama bwawa la kubuni, ulipasue, uone. Kwa hivyo anayekwenda kikao cha Siaya aulize hilo bwawa la kubuni waliliweka wapi na walilipa ujazo gani.